Kiwanja kilichokupokea asubuhi kinaweza kukukatalia mchana

Umejifunza kurusha ndege kwenye lami. Njia ya kurukia na kutua ilikuwa ndefu kuliko mahitaji ya ndege yako mara mbili au tatu, mnara wa kuongozea ndege ulikusomea upepo, na mwisho wa njia palikuwa peupe. Sasa umeajiriwa Arusha au Wilson ya Nairobi, umekabidhiwa Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja na viti sita, na muda si mrefu utatua peke yako kwenye kiwanja cha changarawe ndani ya hifadhi. Huko hakuna mnara. Kuna dereva wa kambi aliyeegesha Land Cruiser chini ya mgunga, soksi ya upepo iliyochanika, na swala wanaokula majani kando ya njia. Mdogo wangu, nakuandikia kabla hujafika huko.

Rubani mgeni huogopa kutua. Anaulizia mteremko, anaulizia mashimo, anapita juu mara mbili akikagua, kisha anagusa ardhi kwa tahadhari zote. Akishatua salama anashusha pumzi, anateremsha abiria, anakunywa chai ya kambi, na moyoni anaona kazi ngumu imekwisha. Nakuomba woga wako uuhamishe. Kutua unaweza kughairi karibu hadi mwisho: unaongeza pawa, unazunguka, unajaribu tena au unarudi ulikotoka. Kuruka kuna mahali ambapo ndege ina mbio nyingi mno kuweza kusimama kwenye ardhi iliyobaki, na papo hapo haina mbio za kutosha kupaa. Ukishaingia hapo, ufundi wa mikono hautakusaidia sana. Ulitakiwa kutumia akili nusu saa kabla, miguu yako ikiwa bado ardhini.

Kuna jambo lingine ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Ndege yetu hii ya pistoni, ikiwa nzito na jua likiwa kali, inahitaji ardhi nyingi zaidi kuondoka kuliko iliyohitaji kutua. Unatua saa moja na nusu asubuhi, baridi bado ipo, una wageni wawili. Unaondoka saa saba mchana na watano pamoja na mabegi yao. Kwa macho kiwanja ni kilekile. Kwa ndege ni kiwanja kingine kabisa.

Nilijifunza hili mwaka wangu wa pili kazini. Kiwanja sitakitaja wala kampuni, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 1,000, majani makavu mafupi, na kiko karibu futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi nilitua nikasimama nusu ya njia tu. Mchana wakaja wageni wanne, na meneja wa kambi akaniomba nimchukue na mpishi wake aliyekuwa amefiwa na kutakiwa Arusha jioni hiyo. Nani atamkatalia mtu anayekwenda kuzika? Nikampandisha. Joto lilikuwa nyuzi 30. Gari lilikuwa limetushusha upande wa magharibi, nami nikaruka kutokea hapohapo kuelekea mashariki kwa sababu tu ndipo tulipokuwa. Upande ule ulikuwa unapanda kidogo. Niliuona mwinuko huo asubuhi, mchana sikuukumbuka.

Katikati ya njia kipimakasi kilisoma noti 35, yaani maili 35 za baharini kwa saa. Nakumbuka neno lililonipitia kichwani: itafika tu. Ilifika, lakini ardhi ilikuwa imekwisha. Nikavuta usukani kwa kuwa miti ilikuwa inakuja, honi ya stoli, ile inayoonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba ndege, ikaanza kulia, ndege ikanyanyuka, ikarudi chini ikadunda, ikanyanyuka tena, tukapita juu ya vichaka huku nikisikia matawi yakigonga chini yetu. Wageni walidhani ndivyo ndege za porini zinavyoruka. Mmoja alipiga makofi. Tulipofika Arusha, fundi alichomoa kijiti cha mgunga kilichokuwa kimebanwa kwenye breki ya gurudumu la kushoto. Hakuniuliza kitu. Alikiweka kiganjani mwangu akaendelea na kazi yake.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo nilitakiwa kuifanya mchana. Ifuate pamoja nami, kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii. Ndege nzito ya aina ile, usawa wa bahari, nyuzi 15, njia ngumu kavu, bila upepo, inahitaji kama mita 540 tangu kuanza kukimbia hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza imewawekea marubani wa ndege ndogo vizidisho rahisi vya kukumbuka: kila futi 1,000 za mwinuko ongeza asilimia 10, kila nyuzi 10 za joto la ziada asilimia 10, majani makavu asilimia 20, majani mabichi yenye maji asilimia 30, njia inayopanda kwa asilimia 2 ongeza asilimia 10, ardhi laini asilimia 25 au zaidi. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unazidi kwa asilimia 20. Na viwango hivi havijumlishwi, vinazidishwa kimoja juu ya kingine. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Futi 5,000 peke yake ziliipeleka 540 yangu hadi karibu 870. Kwa mwinuko ule joto la kawaida ni nyuzi 5, mimi nilikuwa na 30, yaani nyuzi 25 za ziada: tukafika 1,100. Majani makavu: 1,325. Mpando mdogo niliousahau: zaidi ya 1,450. Kiwanja kilikuwa mita 1,000. Na hapo sijaweka akiba yoyote. Mamlaka hiyohiyo inashauri jibu la mwisho lizidishwe tena kwa 1.33, kwa sababu injini yako si mpya kama ile ya kitabuni, na wewe si yule rubani wa majaribio wa kiwandani. Nikafika zaidi ya mita 1,900.

Kisha nikageuza hesabu. Ningeondoka alfajiri kwenye nyuzi 12, ningeruka kuelekea kunakoshuka, ningepunguza asilimia 10 ya uzito, ambayo kwa 206 ni kama kilo 160, watu wawili na mabegi yao: pamoja na akiba yote ningehitaji kama mita 1,240. Bado ni nyingi kwa kiwanja kile, lakini tazama umbali uliopungua kwa maamuzi matatu tu. Ukipunguza tena uzito kama huo, watu au mafuta yasiyohitajika, unaukaribia urefu wa kiwanja. Kwa hiyo jibu lilikuwepo: safari mbili. Mpishi angefika msibani, na wageni wangefika.

Sasa kwa nini joto na mwinuko vinauma hivyo? Hewa ikipanda juu au ikipashwa moto huwa nyepesi. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapata hewa kidogo, inatoa nguvu pungufu. Pangaboi linakata hewa nyepesi, linavuta kidogo. Bawa nalo linahitaji kukimbia zaidi ili kubeba uzito uleule. Unaibiwa mara tatu kwa wakati mmoja. Njia ya haraka ya kupima ni hii: chukua mwinuko wa kiwanja, kisha kwa kila nyuzi moja ya joto la ziada ongeza futi 120. Futi 5,000 na nyuzi 25 za ziada zinakupa futi 8,000. Maana yake ndege inajiona iko futi 8,000, hata kama magurudumu yamekanyaga Serengeti. Injini ya kawaida huko hubakiwa na kama robo tatu ya nguvu zake. Ndiyo maana mzigo uliouinua Saadani pale ufukweni bila wasiwasi, huwezi kuuchukua vilevile Seronera mchana, na kwenye kiwanja cha ukingo wa Ngorongoro, huko juu kwenye mita 2,300 hivi, usiufikirie kabisa.

Hewa nyepesi ina udanganyifu mwingine unaowaponza hasa wageni. Kipimakasi kinasoma nguvu ya hewa, hakisomi mwendo wa ardhi. Kwenye ile futi 8,000 ya hesabu, noti 60 za kipimakasi ni kama noti 68 za kweli. Ardhi inapita dirishani kwa kasi kuliko ulivyozoea, mwili wako unakuambia tayari, na mkono unavuta kabla ya wakati. Usiamini dirisha. Soma kipimakasi.

Na miksha, yaani mchanganyiko wa mafuta na hewa. Shuleni tulifundishwa kusukuma mkono mwekundu hadi mwisho kabla ya kuruka, na wengi wamebaki na mazoea hayo. Kwenye injini isiyo na tabo, kiwanja kikiwa juu ya futi 3,000, mafuta yote yale ni mengi mno kwa hewa iliyopo, na injini inapoteza nguvu ambazo tayari zilikuwa chache. Rekebisha kwa kufuata jedwali la mtiririko wa mafuta la ndege yako. Kama ndege yako ina tabo, utaratibu ni mwingine: fuata kitabu chake. Tena usishangae ukiweka pawa yote na kipimo cha mgandamizo kikasimama kwenye inchi 24 au 25, hiyo ndiyo hewa iliyopo futi 5,000. Lakini ijue namba hiyo kabla, ili siku ukiona 22 ukate pawa mara moja bila kujadiliana na nafsi yako.

Turudi ardhini, kwa sababu hesabu inadai njia unayoijua. Tembea kwa miguu. Najua kuna jua, najua viatu ni vyeupe na wageni wanakutazama. Tembea hata hivyo, angalau mara ya kwanza kwenye kila kiwanja na kila mara baada ya mvua. Hesabu hatua ili ujue urefu wa kweli unaotumika, maana mita 1,000 za kwenye karatasi zinaweza kuwa 850 baada ya korongo kula mwisho mmoja. Tafuta mashimo ya ngiri na muhanga: ngiri hachimbi sana mwenyewe, anahamia kwenye shimo la muhanga na kulipanua, na lolote kati ya hayo linatosha kuvunja mguu wa mbele wa 206. Mguu huo ndio udhaifu wa ndege yetu. Ukivunjika, pangaboi linagonga ardhi, injini inakuwa ya kufunguliwa yote, na hapo umebahatika. Tazama vichuguu pia. Mchwa wanajenga usiku, na kichuguu kidogo kama ndoo kilichofichwa na majani hukioni ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani.

Udongo mweusi wa mbuga unastahili aya yake peke yake. Uko Mara, uko Serengeti magharibi, uko Katavi, na baada ya masika unakuwa mtego. Juu unakauka na kupasuka, unaonekana mgumu kama saruji, chini yake bado ni uji. Ndege tupu inapita. Ndege nzito inavunja ganda, gurudumu linazama sentimita chache, na hizo chache zinatosha: kasi inagoma kupanda, tope linarushwa kwenye flapi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, na kwenye breki, na njia inaendelea kupungua. Kandamiza kwa kisigino katikati na pembeni. Bora zaidi, mwombe dereva apite na gari kwa mwendo wa kutosha kwenye mstari utakaopita magurudumu yako, kisha angalia alama za matairi. Zikiwa na kina, subiri. Na muulize askari wa hifadhi au mzee anayefyeka majani pale kiwanjani. Yeye anajua maji yalituama wapi juzi, na gari la nani lilikwama. Hakuna ramani yenye habari hiyo. Salimia kwanza, keti hata dakika mbili, kisha uliza. Ukiuliza kwa haraka utajibiwa kwa haraka.

Wanyama: gari lipite njia nzima dakika moja au mbili kabla hujaruka, si robo saa kabla. Nyumbu huvuka kwa mstari. Ukimwona mmoja amevuka, jua nyuma yake kuna wengine wanaomfuata bila kutazama kulia wala kushoto. Swala hushtuka na kuruka kuelekea mahali ambapo hukutegemea. Twiga hashtuki, na hilo nalo ni tatizo. Juu kuna tai na korongo, hasa kuanzia saa nne asubuhi hewa inapoanza kupanda. Michael Grzimek aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake aliuawa Januari 1959 baada ya ndege yao ya Dornier, ile iliyopakwa milia ya pundamilia, kugongana na tai. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, njiani. Siku ukipita, simama. Mchana wa kiangazi ongeza hapo kisulisuli, ile chamchela ya vumbi inayozunguka. Ukiiona inakuja njiani, iache ipite. Upepo wake ni wa kichwa sekunde moja na wa mgongoni sekunde inayofuata.

Kuhusu upepo nitasema kidogo tu. Ukiruka na upepo wa mgongoni wa noti 6, umbali wako unakua kwa asilimia 20. Miti iliyozunguka kiwanja huificha soksi, kwa hiyo tazama vumbi la gari na moshi wa jiko la kambi kabla hujaamini kitambaa kilicholala. Mteremko na upepo vikipingana, mimi huchagua mteremko kama upepo ni mwepesi, na kama si mwepesi naifanya hesabu upya.

Sasa alama. Kama utasahau kila kitu nilichoandika, hili libaki. Kabla ya kuwasha injini, ukiwa bado unatembea, chagua kitu kilicho nusu ya njia: mti, jiwe lililopakwa chokaa, kama hakuna basi muombe dereva aegeshe pembeni pale. Kasi yako ya kunyanyuka ikiwa noti 60, asilimia 70 yake ni 42. Ukifika kwenye alama bila kuiona 42, kata pawa, funga breki, rudi. Hakuna mjadala. Sababu ya namba hiyo ni ya kimaumbile: umbali hukua kwa mraba wa kasi, na 0.7 mara 0.7 ni karibu nusu. Ukiwa na asilimia 70 ya kasi nusu ya njia, utapata iliyobaki kabla ya mwisho, kwa shida lakini utaipata. Ukiwa na 35 kama mimi, umeshajibiwa. Kwenye njia iliyozungukwa na miti mirefu, isogeze alama karibu zaidi, maana kunyanyuka mwisho wa njia hakutoshi kuvuka miti. Kwenye njia laini hakikisha pia kwamba breki zitakusimamisha katika nusu iliyobaki. Tope haliongezi breki.

Itamke kwa sauti kabla hujaachia breki, hata ukiwa peke yako: "Alama ni ule mti, kasi ni 42." Neno lililotamkwa ni gumu kulikana. Lile "itafika tu" huja kimyakimya, na linakuja kwa kila rubani.

Mbio zenyewe. Flapi nyuzi 20 kwa 206, usukani umevutwa nyuma kiasi ili mguu wa mbele uwe mwepesi. Kwenye changarawe usisimame mahali pamoja na kufungua pawa yote, pangaboi litanyonya mawe na kujila lenyewe. Majaribio ya injini yafanye mahali pasafi, kisha fungua pawa taratibu huku unabingirika. Ndege itanyanyuka mapema, kabla ya kasi ya kupaa. Ni kawaida kwenye ardhi laini, lakini hapo ndipo pana kifo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Bawa likiwa karibu na ardhi, chini ya urefu wa upana wake lenyewe, linasaidiwa: hewa haizunguki kwa uhuru kwenye ncha zake, ukinzani unapungua, na ndege inaelea kwa kasi ambayo juu zaidi isingeweza. Kwa 206 upana huo ni kama mita 11. Ndani ya msaada huo unaelea. Ukivuta na kutoka nje yake bila kasi, ukinzani unakurudia wote kwa mkupuo, ndege inaacha kupanda, pua iko juu, injini inalia, na chini unazama. Rubani anaona miti, anavuta zaidi. Kadiri anavyovuta ndivyo inavyozama, mpaka inastoli.

Kwa hiyo ikishanyanyuka, shusha pua kidogo, iache ikimbie mita moja au mbili juu ya ardhi mpaka kasi ya kupaa ifike, ndipo uiruhusu. Inataka moyo, kuuona mgunga unakuja nawe unasukuma usukani mbele. Lifanye zoezi hili kwenye njia ndefu, na mwalimu, mara nyingi, ndege ikiwa nyepesi, mpaka mkono ukubali. Flapi usizipandishe kwa pupa. Zikiondoka zote pamoja, nguvu ya kuinua inaondoka nazo.

Cessna Caravan, ndege kubwa kuliko 206, ina injini ya tabaini na nguvu nyingi, na vijana wakihamia kwayo hudhani haya yote ni ya pistoni. Si kweli. Seronera, tarehe 23 Septemba 2019, Caravan ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na watu wawili waliokuwemo wakafariki. Sisemi hivyo kulinganisha sababu. Nasema ili ujue kwamba dakika ile ya kwanza ina heshima yake kwa ndege yoyote.

Na ikishindikana? Mbele moja kwa moja. Usigeuke kurudi kiwanjani. Mgeuko unaongeza uzito kwenye bawa ambalo tayari halina kasi, na ndege inayoanguka kwa ubavu haisamehi. Ndege inayoingia vichakani ikiwa imenyooka, mabawa sawa, kwa kasi ndogo unayoimudu, watu wake mara nyingi hutoka wakitembea. Chagua pengo kati ya mashina, mabawa yaumie, kiti kibaki.

Hapo ndipo suala la mlango linapoingia, na wengi wa marubani wa 206 hawalisemi kwa abiria. Mbele kuna mlango mmoja tu, wa upande wako. Nyuma kulia kuna milango miwili ya mizigo, na flapi zikiwa zimeshuka, ule wa mbele unagonga flapi haufunguki sawasawa. Wewe unaruka na flapi zimeshuka. Kwa hiyo ukianguka wakati wa kuruka, abiria wa nyuma wamefungiwa labda mtu awe amewaonyesha namna ya kutoka. Waonyeshe kwa mikono yao wenyewe kabla ya kuwasha: mkono wa mlango wa nyuma uko wapi, unageuzwa vipi. Na wewe ukipata hata sekunde moja, pandisha flapi ndege ikishasimama. Mwambie abiria wa karibu swichi iko wapi.

Mizigo ipime. Kampuni nyingi za safari zimeweka kilo 15 kwa abiria, mabegi laini, na mgeni mara nyingi anafika na 20 akiwa na kamera shingoni. Mizani ya kuning'iniza ni bei ndogo, nunua yako. Watu nao wapimwe au waulizwe kwa adabu kando, si mbele ya wenzao. Mafuta beba ya safari na akiba ya kisheria, usijaze tangi kwa uvivu wa kuhesabu: lita 100 za avgasi, petroli ya ndege, ni kilo 72, mtu mzima. Na usirundike vizito nyuma kabisa. Ndege yenye mkia mzito hunyanyua pua mapema kuliko unavyotaka, na umeshajua kinachofuata.

Kilichobaki ni watu, na kwa mgeni kazini hicho ndicho kigumu kuliko hesabu. Wageni wana ndege ya usiku KIA. Meneja wa kambi anasema kapteni wa juzi alichukua watano bila neno. Ofisi inapiga simu. Wewe una miezi mitatu kazini, mama yako nyumbani anajivunia, na hutaki kuitwa mwoga. Usibishane na mtu yeyote kuhusu ujasiri. Toa karatasi ya hesabu, mwonyeshe urefu wa kiwanja na urefu unaohitajika. Nimewaona mameneja wakali wakinyamaza mbele ya namba mbili zilizoandikwa kwa kalamu. Piga simu ofisini mapema, asubuhi, useme utahitaji safari mbili, si saa saba wageni wakiwa wameshafunga mikanda. Kama kampuni yako inakuadhibu kwa hilo, andika hesabu ile, weka nakala, na anza kutafuta kazi kwingine. Nasema kwa uzito wote.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi kiwanja kilekile, saa nane mchana, wageni watano. Nilitembea, nikahesabu, nikawaambia nachukua wawili sasa na watatu jua likishapoa. Kiwanja cha lami cha karibu kilikuwa dakika 25 kwa ndege, wangesubiriana huko. Mama mmoja kati ya wale watatu alikasirika sana, na safari yao ya ndege ya usiku iliwaponyoka. Saa kumi na moja niliwapandisha. Dereva aliegesha gari nusu ya njia kama nilivyomwomba. Tulipolipita kipimakasi kilikuwa 47. Tuliposhuka yule mama hakunipa mkono. Nikamtolea begi lake, nikalibeba hadi kwenye gari.